Habari Njema Tu

Zikiwa zimebaki saa chache kabla ya fainali ya taifa, Kocha Luan Shuqin alipigiwa simu na baba yake Caiyun, msichana ambaye kocha huyo alimfundisha kurusha nyundo tangu akiwa mtoto wa shule.

“Mama yake hafiki keshokutwa, Kocha,” mzee akasema. “Daktari ameshanyoosha mikono. Ila usimwambie mtoto. Arushe kwanza.”

“Mwenyewe mama anasemaje?”

“Ndiye aliyenituma nikupigie.”

Shuqin hakushangaa. Kwao mtu aliye mbali hupelekewa habari njema tu. Mbaya itamsubiri nyumbani. Kwa wanamichezo ndiyo usiseme. Simu za wasichana wote wa timu zilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda, na aliyezikusanya ni yeye mwenyewe.

Alipokuwa mrushaji naye alifichwa. Baba yake, mkulima wa vitunguu saumu, alifariki yeye akiwa kambini, na watu wakafunga midomo. Akashinda dhahabu. Akapanda basi mpaka kijijini, medali shingoni, akaanza kumwita baba toka mlangoni. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Shangazi zake wakampongeza, wakalia, wakampikia tambi, naye akala. Hakumlaumu mtu, hakutoa chozi, na hilo ndilo lililommaliza. Msimu uliofuata nyundo yake ilikuwa ikianguka karibu, kama ya mtu anayejifunza. Magazeti yakasema ni goti. Goti lake lilikuwa zima kabisa.

Alimkuta Caiyun bwaloni, anakula mikate ya mvuke kwa bidii.

“Umekuja kunihesabia mikate, Kocha?”

“Kula. Ukimaliza ufunge mizigo.”

“Nimekosa nini tena?”

“Hujakosa. Mama yako yuko mahututi. Alfajiri kuna treni.”

Caiyun akaweka vijiti chini. “Na fainali?”

“Itakuwepo nyingine.”

Wote wawili walijua si kweli. Miaka ya Caiyun ilikuwa imekwenda, nyuma yake kulikuwa na vibinti wenye mabega mapana na njaa ya medali, na mkuu wa timu hakuwa mtu wa kusamehe.

“Mkuu je?”

“Mkuu niachie mimi. We nenda ukamuage mama yako.”

Msichana akalia pale pale, mkate mdomoni. Shuqin akamfuta uso kwa mkono wa koti lake kama mtoto.

Asubuhi mkuu wa timu alikuwa anatafuta pa kupasukia. “Yule mama angekufa tu, mtoto awepo asiwepo. Wewe umenitupia dhahabu jaani.”

Shuqin akaenda zake uwanjani. Alisimama nje ya wavu wa kurushia nyundo, akasikia jina la Caiyun likiitwa, duara likabaki tupu. Aliyeshinda alirusha umbali ambao Caiyun huufikisha mazoezini huku akipiga soga. Iliuma, hata kama aliamua mwenyewe. Alijipa moyo kwamba mtoto mmoja angalau atamuaga mzazi wake bila kufichana.

Alasiri simu ikalia.

“Nilimkuta, Kocha,” Caiyun akasema. “Alinitambua.”

“Afadhali.”

“Aliniuliza jambo moja tu. Nimerusha ngapi.”

Upande wa pili kulikuwa na sauti za wanawake wanaolia.

“Nikamwambia mita sabini na tatu. Nikamwambia nimechukua dhahabu, ila medali umebaki nayo wewe. Akacheka, Kocha. Akasema, nilijua tu. Halafu akalala, na hakuamka tena.” Akavuta pumzi. “Baba kaniangalia, kanyamaza. Nimemdanganya mama yangu kitandani pake. Nimekosea?”

Miaka yote Shuqin alidhani alichoibiwa ni kuambiwa ukweli. Sasa alijiona yuko chumbani kwa baba yake, amewahi, amemshika mkono, mzee anamuuliza kuhusu nyundo. Na akajua vizuri sana kwamba kama angekuwa ameshindwa, asingethubutu kumwambia.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Hata mimi ningemwambia hivyo hivyo.”

Alipokata simu aliketi kwenye nyasi, mchana kweupe, mbele ya mkuu wa timu na waamuzi waliokuwa wakikunja vifaa vyao, akamlilia baba yake kwa mara ya kwanza.