Kipande cha Tatu

Baba alikilaza kitabu mezani, akaubonyeza mgongo wake mpaka ukalia, kisha akakipasua vipande vitatu kwa kisu cha jikoni. Kila kipande alikishona kwa uzi wa gunia ili kurasa zisitawanyike. Mgeni angedhani mzee ameingiwa na wazimu. Sisi wa Kibugu tulijua tu kwamba kitabu kipya kimefika.

Mambo hayo yalianzia kituo cha chai. Wakulima hufikisha majani mchana, kisha huketi kulisubiri lori la kiwanda, na lori huja linapotaka. Kitabu kilikuwa kimoja na wasomaji wengi, ndipo baba na jirani yake Gachoki wakaamua kukigawa. Baba alisoma kipande, akampelekea Gachoki, naye Gachoki akimaliza akampelekea Karwirwa wa ng'ambo ya mto. Na kila aliyepeleka kipande ilikuwa sharti aketi, apewe chai, wazungumze yaliyomo. Nilikua nikisikia watu wazima wakibishana juu ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Halafu wakagombana kweli. Baba aliuangusha mgrevilea wa mpakani, Gachoki akasema mti ni wake. Wazee wa kanisa waliitwa, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao. Wakati huo Gachoki alikuwa amesoma vipande viwili vya hadithi ndefu ya mapenzi na mashamba. Cha tatu kilibaki kabatini kwa baba, nyuma ya vikombe vya wageni, mwaka ukapita na mwingine ukaja. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi nilikuwa mimi, niliyebeba salamu za mama huku na huku mpaka tukamzika.

Mwaka jana Gachoki alilazwa hospitalini, mjini Embu. Bintiye Kananu anauza viazi Gakoromone, kule Meru, hakuweza kuja kila siku. Mimi nafanya kazi ofisini hapo mjini na nyumba yangu iko Dallas, mtaa wa hapo hapo Embu, kwa hiyo mgonjwa akawa wangu. Nilikuwa nimechoka mwaka ule. Nilichoka uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Jioni ya kwanza Gachoki hakuniuliza daktari amesema nini. Aliulizia kipande cha tatu.

"Kiko kwa baba," nikasema. "Lakini usijali, Baba Kananu."

Nikatoa kishikwambi changu, nikakitafuta kile kitabu, nikakinunua pale pale kando ya kitanda na kumkuzia herufi. Nilimwonyesha jinsi ya kugusa ili ukurasa ugeuke. Nilijiona mjanja, nimemaliza kazi ya wazee wa kanisa kwa kidole kimoja.

Gachoki alikipima mkononi kama mtu anayenunua papai.

"Hii ni kitabu ya mtu mmoja, Susan," akasema. "Mwambie baba yako Ndambiri alete kipande yake."

Nilimwachia hata hivyo, nikaenda kupika.

Jumapili nilimweleza baba. Alimalizia kusugua tope kwenye mabuti yake, akavaa koti la kanisani, akafungua kabati na kuanza kuhamisha vikombe.

"Si nimeitwa?" akasema. "Twende."

Walisalimiana kana kwamba waliachana jana yake kituoni. Kisha baba akaniambia niwatafutie chai kwenye kantini, nami nikaondoka. Niliporudi alikuwa ameshaanza kusoma kwa sauti, maana mikono ya Gachoki ilikuwa imevimba. Alisoma kurasa mbili, akafunga.

"Hiyo ingine kesho."

Kesho hiyo ilikuwa yangu. Nilitoka ofisini, nikapanda Kibugu kumchukua, nikashuka naye Embu, nikamrudisha, nikashuka tena Dallas nikiwa nimeng'ang'ania usukani. Keshokutwa vilevile. Kurasa mbili, wakati mwingine moja na nusu. Niliwapenda wazee wale, lakini kuna siku nilitamani mwandishi angeandika kitabu kifupi.

Nikajaribu njia nyingine.

"Hiki kinaweza kusoma chenyewe," niliwaambia, nikakiwasha kile kishikwambi. Sauti ya mwanamke ikasoma moja kwa moja, bila kukohoa wala kumeza mate. Walisikiliza kwa adabu, kama watu wanaomsikiliza mhubiri mgeni. Baadaye Gachoki akaniomba nizime.

"Hiyo haichoki," akasema. "Mtu akisoma lazima achoke. Akichoka ndio tunaongea."

Ni kweli waliongea. Ni katika mojawapo ya mapumziko hayo, baba akipangusa miwani, nilipomsikia akisema, "Ule mti ulikuwa wako." "Ulikuwa umeoza ndani," Gachoki akasema. "Ungeniangukia jikoni. Haya, soma."

Gachoki alifariki asubuhi moja ya mvua, zikiwa zimebaki kurasa chache.

Tulipotoka mazishini nilishindwa kujizuia, nikalia huku naendesha. Nililia kwa ajili yake, na nikalia pia kwa ajili ya zile kurasa. Nilijilaumu kwamba siku fulani nilisingizia kazi, nisiende.

"Kinachoniuma, Baba, ni kwamba hakuufikia mwisho."

"Aliufikia," baba akasema.

Nikamgeukia.

"Alisoma kwa hiyo simu yako kubwa. Kabla sijakuja hata mara moja, alikuwa amemaliza yote. Aliniambia siku ile ulienda kututafutia chai." Akajifuta uso kwa leso. "Alisema mwisho wenyewe hakuupenda."

Nilipunguza mwendo. Wiki zote zile za kupanda na kushuka zikanijia kwa pamoja, na hasira kidogo.

"Sasa mlikuwa mnasoma nini? Mbona hamkuniambia?"

Baba aliyatazama mashamba ya chai yakipita dirishani, majani yake yakimeta kwa mvua.

"Tungekuambia," akasema, "ungenileta?"

Barabara ilikuwa na utelezi, nikajifanya naitazama.