Uhai Baridi Kuliko Maji

Tangu asubuhi Bi Poon, mwenye umri wa miaka sabini na minne, alikuwa akimgombeza fundi kupitia dirisha la jikoni.

"Vumbi lako lote limeingia kwenye wali wangu! Kazi gani hii isiyokwisha?"

"Nivumilie, mama. Nimebakisha mianzi miwili."

Fundi huyo, Kwan Yiu-fai, alikuwa amefunga majukwaa ya mianzi kwenye maghorofa ya Hong Kong kwa miaka thelathini. Siku hiyo, ghorofa ya tisa, alifungua mkanda wa usalama mara moja tu ili aufikie mwanzi wa mwisho. Hapo hapo chuma kilichobeba jukwaa kikang'oka ukutani. Mianzi ikaporomoka hadi uchochoroni, na kwa bahati hapakuwa na mtu. Yiu-fai akadaka bomba la maji machafu kando ya dirisha la Bi Poon, akabaki ananing'inia.

"Umeangusha nini tena?" Bi Poon alitoa kichwa nje, akamwona ananing'inia.

Akakimbilia chumbani, akarudi na mbeleko aliyobebea wajukuu wanne. Akaipitisha chini ya makwapa ya fundi, akaifunga kwenye fremu ya chuma ya dirisha, kisha akamkamata ukosi kwa mikono yote miwili.

"Usitazame chini! Nitazame mimi. Una mke?"

"Ninaye."

"Mkali?"

"Sana, mama."

"Kunizidi?"

"Mnalingana."

"Basi shikilia! Ukifa atamgombeza nani?"

Zilipita dakika ishirini kabla zimamoto walioitwa na majirani hawajamvuta ndani. Akiwa bado amekaa sakafuni, alimpigia mkewe simu.

"Ngo, leo uhai wangu ulikuwa baridi kuliko maji."

Huko Hong Kong watu husema hivyo mtu anapoponea chupuchupu. Ngo alisikika akilia.

Jumapili walikuja wote wawili kwa Bi Poon na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Yiu-fai, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, akapiga magoti na kikombe cha chai mikononi.

"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Ukikubali, nataka niwe mwanao."

Bi Poon akainywa chai yote, ishara kwamba amekubali. Akafungua kabati, akatoa bakuli jipya na vijiti, vitu ambavyo kwa desturi yao mama wa hiari humpa mwanawe.

"Nilivinunua juzi," alisema. "Nilijua utakuja."

Yiu-fai alilikumbatia bakuli kifuani, akijaribu kusema asante. Ngo ndiye aliyemsemea.