Beringi za Landrova ya Constantine

Landrova iliingia gerejini ikisaga magurudumu ya mbele, na Ndaki aliisikia tangu ikiwa upande wa sokoni. Lilikuwa gari la kale, mali ya ushirika hadi ushirika ulipouza magari yake na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia kwenye biashara ya pamba.

"Mwangaluka, fundi," mwenye gari alisema akishuka. "Usukani unatetemeka. Nataka leo hii hii nirudi kazini, wenzangu wananunua mimi nimekaa. Niite Constantine, wa Ipililo."

Ndaki alikuwa ameinama kuchukua jeki. Hakuinuka upesi.

Hawakuwahi kuonana, lakini jina alilijua. Mwaka nyumba ya mama yake ilipochomwa moto, Ndaki alikuwa Mwanza akijifunza ufundi. Mama huyo, Kabula, aliishi peke yake Ipililo, kwenye kiwanja kizuri kando ya barabara. Constantine alikitaka, mama akakataa kuuza. Kisha mtoto wa jirani akafa kwa homa, na Constantine akapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu kama wameyaona macho ya Kabula yalivyo mekundu, kama ya mchawi. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, kama ya kila mwanamke pale. Watu walikuja na moto. Kabula alitokea dirishani, mkono wa kushoto umeungua hadi kwenye kiwiko. Msimu uliofuata, ghala la pamba la Constantine lilisimama mahali pa nyumba yake.

Ndaki aliinua gari kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akalizungusha, likanguruma. Akaliweka gari juu ya mawe, akafungua magurudumu yote mawili, akatoa habu, vitovu vinavyobeba magurudumu, na kuzifuta grisi iliyokuwa nyeusi kama lami. Beringi zilikuwa zimekwisha: rola zimemomonyoka, na vikombe vinavyozipokea vimegeuka rangi ya bluu kwa joto.

"Nenda kanywe chai," alimwambia Constantine. "Hii ni kazi."

Alipobaki peke yake alizitazama beringi zile kuukuu kwa muda mrefu. Angeweza kuzirudisha, azijaze grisi nyingi, zikae kimya hadi mbali na mji. Kwenye mteremko wa kuelekea Maswa gurudumu lingechomoka. Nani angemuuliza fundi? Gari lenyewe lilikuwa zee.

Akaenda nyumbani, nyuma ya gereji, akamkuta Kabula anachambua mchele.

"Mayu, Constantine yuko hapa. Gari lake liko juu ya mawe." Akamweleza alichokusudia.

Kabula aliendelea kuchambua. Mwishowe akaweka ungo chini.

"Akifa njiani watamlilia," alisema. "Watasema alikuwa mtu mwema. Nunua beringi mpya, uzifunge vizuri kuliko ulivyowahi kufunga gari lolote. Na mimi nitapanda."

Constantine aliporudi, mwanamke alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari lisilo na magurudumu ya mbele, mkono wake wa kushoto juu ya dirisha, kovu nje. Constantine alimtazama, akanywea pale pale aliposimama.

"Mayu Kabula."

"Unanikumbuka. Tunakwenda Ipililo. Utasimama mbele ya watu wako useme ulichofanya."

"Nilichofanya nini? Watu wenyewe ndio..."

"Beringi mpya ninazo hapa," Ndaki alisema. "Ukikataa, gari litabaki juu ya mawe na wenzako wataendelea kununua. Kituo cha polisi kile pale, nenda. Waeleze na hao kwa nini mama yangu ameketi ndani ya gari lako."

Constantine alitazama upande wa kituo, akatazama habu zilizolala juu ya gunia. Kisha akaketi juu ya tairi.

Ndaki aligonga vikombe vya zamani kwa tindo vikatoka, akaingiza vipya taratibu, akivigonga pande zote visikae upande. Alijaza grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili wa kila beringi. Alikaza nati huku akizungusha habu, akailegeza kidogo, akafunga kufuli yake isilegee tena njiani. Magurudumu yalizunguka bila sauti. Yeye mwenyewe alishika usukani, na Constantine akakaa katikati yao.

Ipililo watu walikuwa wamepanga mstari mbele ya mizani ya Constantine. Mizani ya mnunuzi mwingine ilikuwa ng'ambo ya barabara, haina mkulima hata mmoja. Constantine alisimama, akasema kitu kwa Kiswahili, macho yakiwa chini.

"Kwa Kisukuma," Kabula alisema. "Na kwa sauti."

Akasema tena. Kwamba alikitaka kiwanja. Kwamba hakuwahi kuona uchawi wowote kwa Kabula. Kwamba alijua homa ya mtoto ilikuwa homa tu.

Kwandu, mama wa mtoto yule, alishusha gunia lake kutoka kwenye ndoano ya mizani, akalibeba kichwani, akavuka barabara. Mwingine akamfuata. Mstari mzima ukahamia ng'ambo, polepole, bila kelele, hadi Constantine akabaki na karani wake na mizani inayoning'inia.

"Umeridhika sasa?" aliuliza.

"Bado. Toa marobota yako ndani ya nyumba yangu. Nitakaa hapa nikikutazama."

Akaketi mlangoni mwa ghala. Constantine akaanza kubeba. Ndaki hakumsaidia, naye Constantine hakuomba.

Kwandu alirudi akiwa hana gunia, akapiga magoti mbele ya Kabula.

"Mayu, na mimi siku ile nilikuwepo."

"Nilikuona," Kabula alisema. "Ulibeba nyasi kavu. Kaa hapo pembeni. Nikimaliza na huyu, nitakuja kwako."