Josia Alikula Kamongo

Kokuberwa alikipenda kwanza kisogo cha Josia, uso wake ukaja baadaye.

Mwaka ule wanachuo walikuwa wanajenga bweni jipya la wasichana kwa mikono yao. Siasa ilikuwa ya kujitegemea, na chuo chao cha ualimu, kile kidogo kilichokaa ukingoni mwa ziwa pale Bukoba, kilitaka kuonyesha kwamba hakisubiri mtu. Mchanga ulikuwa ziwani, bweni lilikuwa juu kilimani. Kila jioni baada ya masomo waliubeba kwa machela, wawili wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kiranja wa kazi, Datius, aliwapanga ovyo tu kama anayegawa viazi, na siku moja akamweka Kokuberwa wa Kanazi nyuma ya Josia Mutembei wa Kamachumu.

Sasa huyu Kokuberwa alikuwa na aibu ya kupita kiasi. Msichana wa miaka ishirini, lakini mwalimu akimuuliza swali darasani sauti inakwama, na bwaloni alikaa ameelekea ukuta. Lakini nyuma ya machela hakuna anayekuangalia. Mwenzako amekupa mgongo, mikono yako imeshika mzigo, basi maneno yanatoka yenyewe.

"Wewe wa nyuma," Josia alisema siku ile ya kwanza, bila kugeuka. "Uko hai huko?"

"Nipo."

"Nilidhani naburuta machela peke yangu. Kwenu wapi?"

"Kanazi."

"Ahaa! Wale wanaojidai kahawa yao ni nzuri kuliko ya Kamachumu."

"Hatujidai. Ni nzuri kweli."

Josia akacheka mpaka nusu ya mchanga ikamwagika, na Datius akawapigia kelele toka juu, "Nyie wawili, mnajenga bweni au mnajenga njia?"

Kuanzia siku hiyo Kokuberwa hakukubali kubeba na mtu mwingine. Hakusema, lakini zamu ikifika anajikuta tu amesimama kwenye mpini wa nyuma. Alikijua kisogo kile kuliko alivyojua kitabu chochote cha chuo, na kovu lake dogo chini ya sikio la kulia, na jasho lilivyoanzia shingoni na kushuka.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomkosesha raha.

Nyumbani, ukikutana na mtu, kabla hata hujamkaribisha kukaa unamuuliza: wewe mwana wa nani, wa ukoo gani, mnazira nini? Kila ukoo una kitu chake unachozira, yaani haukili, tangu mababu. Na wanaozira kitu kimoja ni damu moja. Hawaoani, hata kama mmoja katoka Karagwe na mwingine Kiziba na hawajawahi kuonana. Hilo mtoto analijua kabla ya kujua kufunga vifungo. Lakini mkuu wa chuo, mtu wa kutoka mbali, alikuwa amesema siku ya kwanza kabisa kwamba taifa jipya halina habari na koo, na atakayemuuliza mwenzake ukoo atachimba choo. Wavulana waliulizana kwa siri hivyo hivyo. Msichana angeanzaje? Kumuuliza mvulana ukoo wake ni sawa na kumwambia, nataka unioe.

Kwa hiyo Kokuberwa aliamua kuangalia sahani.

Ukoo wao ulizira kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka anayekaa kwenye matope. Na Josia alikuwa kwenye kikundi cha uvuvi cha chuo. Ijumaa moja walirudi na kamongo wawili wakubwa, wakakatwa vipande, wakapikwa. Wasichana wengi walikataa kwa sababu ya sura yake tu, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa Kokuberwa kula ugali wake kwa mchicha. Siku hiyo aliacha ukuta, akakaa ameelekea meza ya wavulana.

Josia alichukua kipande. Akala. Akachukua cha pili. Akavunja mfupa, akaufyonza, akalamba vidole.

"We Koku," Alistidia, rafiki yake wa kitanda cha jirani, alimnong'oneza, "mbona unamkodolea macho mtoto wa watu akila?"

"Simwangalii yeye."

"Basi unauangalia ugali wake. Mpelekee na wako, naona haujamtosha."

Kokuberwa alicheka, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka bwaloni. Alikuwa anamshukuru Mungu. Mtu wa ukoo wao asingemgusa kamongo hata kwa njaa. Basi Josia ni mtu wa kando, na moyo una ruhusa. Jioni ile, nyuma ya machela, Josia alipomwambia kwamba anafikiria habari zake hata akiwa ndani ya mtumbwi, alijibu, "Na mimi," na hakuona aibu.

Walipendana mwaka mzima kwa kujificha. Chuo hakikutaka kuona mvulana na msichana wanaongozana. Jumamosi wakipata ruhusa ya kwenda Miembeni, Josia alitembea upande huu wa barabara na Kokuberwa upande ule, na Alistidia katikati akiwatania, "Mimi ndiyo daraja? Nilipeni basi karanga." Wakifika madukani wanasimama mbele ya kitambaa kimoja, kila mmoja anajifanya hamjui mwenzake, na mikono yao inakutana chini ya kitambaa.

Walipoingia mwaka wa mwisho Josia akasema, "Nataka kuja kwenu."

Hapo Kokuberwa aliogopa, lakini aliogopa dini. Baba yake, Mzee Ildefons, alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na Josia alikuwa Mluteri, mjukuu wa mwinjilisti. Mama yake ilibidi aifanye kazi hiyo polepole likizo nzima, leo neno moja, kesho kutwa neno jingine, kama mtu anayelainisha ngozi. Hatimaye mzee akasema, "Mungu wao na wetu naona ni mmoja, ni nyimbo tu zinatofautiana. Aje na wazee wake." Kokuberwa alienda nyuma ya nyumba, akakumbatia mgomba.

Josia alikuja Jumamosi na baba yake mdogo, Mzee Byarugaba, maana baba mzazi alishafariki. Kwa kuwa walikuwa watu wa uamsho wasiogusa pombe, hawakuja na lubisi, ile pombe ya ndizi. Walikuja na sukari na blanketi la mama.

"Sukari!" alisema Mzee Ildefons akicheka. "Waitu, mnataka kumposa binti au mnataka kuninywesha chai?"

"Vyote viwili, waitu," alijibu Mzee Byarugaba, na sebule ikacheka. Nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa chini, zinanukia. Kokuberwa alikuwa upande wa jikoni na mama yake, wametenganishwa na sebule kwa ukuta wa matete tu. Alisikia baba akipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa wageni. Alisikia Josia akisema asante kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuisikia, sauti ya mtu anayeogopa. Akatabasamu mwenyewe.

"Haya," baba alisema. "Mmekuja vizuri. Sasa tuambieni, nyie ni watu wa ukoo gani?"

Mzee Byarugaba akautaja.

Mkono wa mama ulisimama juu ya chungu cha ndizi za bitoke.

"Umesemaje?" baba aliuliza.

Akautaja tena. Ulikuwa ukoo wao wenyewe.

"Mnazira nini?"

"Sisi tunakula kila kitu. Marehemu baba alipobatizwa alisema vyakula vyote ni vya Mungu, hakuna kuzira. Lakini kabla ya hapo alizira kamongo. Mama alikuwa anatuhadithia, siku ya kwanza kumla alitapika mpaka asubuhi!" Akacheka. Akacheka peke yake.

Kokuberwa alishika matete ya ukuta. Alimngoja baba aseme kuna makosa. Badala yake baba alianza kuuliza majina, babu yenu nani, na baba yake nani, na alitokea wapi, na Mzee Byarugaba akawa anajibu, mwanzoni taratibu halafu kwa haraka, mpaka wakafika kwa mtu mmoja aliyeondoka Kanazi hiyo hiyo kwa ugomvi wa kibanja cha migomba, akahamia Kamachumu na kaka yake hakumwona tena. Kaka huyo alikuwa babu wa Mzee Ildefons.

Halafu Kokuberwa akasikia sauti asiyoijua. Baba yake alikuwa analia.

"Tulimtafuta," alisema. "Mzee amekufa anamtaja. Njoo hapa. Njoo hapa, mwanangu, nikuone."

Na Mzee Byarugaba naye akalia, wakakumbatiana, na baba akamshika Josia kichwa kwa mikono miwili. Posa ilikwisha hapo hapo. Hakuna aliyeikataa, maana hakuna aliyeikumbuka. Mtoto wa jirani alitumwa kuita watu, mbuzi akafunguliwa nyuma ya nyumba, na shangazi akapiga vigelegele mlangoni. Watu wakajaa uwanjani. Kokuberwa hakuwahi kuiona nyumba yao ina furaha namna ile, hata Krismasi.

Angekuwepo mtu wa kumchukia, ingekuwa nafuu.

"Koku!" baba aliita. "Njoo umsalimie kaka yako!"

Mama alimfuta uso kwa upindo wa kanga yake mwenyewe. "Jikaze," alimwambia kwa sauti ndogo. "Jikaze, mwanangu. Chukua maji ukawanawishe." Na macho yake yalikuwa mekundu, yeye peke yake katika nyumba nzima.

Kokuberwa akapiga magoti mbele ya Josia na birika. Josia akanyoosha mikono. Maji yakamwagika mikononi mwake, yakaendelea kumwagika, mikono imeshanawa lakini hakuiondoa, mpaka birika likaisha.

"Ona wanavyofanana vidole!" alisema shangazi.

Mchana ulipokuwa unaelekea jioni Josia alisema lazima arudi chuoni, ana zamu ya kuvua. Baba yake mdogo angelala, wazee walikuwa bado hawajamaliza kutajiana wafu wao. Mama akasema, mbele ya wote, "Koku, msindikize kaka yako mpaka barabarani."

Basi wakatoka. Mwaka mzima walikuwa wakiibia nafasi ya kutembea pamoja, na leo walipita katikati ya uwanja uliojaa watu, bega kwa bega, na watu wakawapisha wakitabasamu. Kwenye migomba walimkuta bibi wa jirani anarudi kuteka maji.

"Koku, unaenda na nani?"

Josia akamwachia yeye ajibu.

"Kaka yangu, mae," alisema Kokuberwa.

Walitembea mpaka bibi akapotea.

"Kwa nini hukuniuliza?" Josia alisema. "Mimi nyumbani sikufundishwa. Kwetu ukoo tuliusikia siku za msiba tu. Lakini wewe ulikuwa unajua haya mambo. Neno moja tu, Koku."

"Nilikuona unakula kamongo."

"Sasa?"

Josia akaelewa, na miguu yake ikapunguza mwendo. "Ulikuwa unaniangalia kwa ajili hiyo?"

"Ulilamba mpaka vidole. Nikasema, basi huyu siyo wetu. Nikajiruhusu."

Josia akakaa kwenye jiwe la kando ya njia, akainamisha kichwa. Aliponyanyuka, alizungumza haraka haraka. "Sikiliza. Kuna sheria mpya ya ndoa. Mtu anafunga ndoa serikalini, na pale hawaulizi mambo ya ukoo. Yule babu ni wa zamani sana, Koku, damu yake imeshachujwa kama chai ya mara ya nne. Tumalize chuo, tuombe tupangiwe Mtwara wote wawili. Huko nani atatujua?"

Alikuwa anasema kweli, na Kokuberwa alijua kwamba ni kweli. Mtwara wangekuwa mwalimu Josia na mke wake, basi. Alitaka kusema ndiyo. Alinyanyua macho aseme ndiyo, akamwangalia usoni moja kwa moja, jambo ambalo aibu ilikuwa haijawahi kumruhusu kulifanya kwa muda mrefu.

Katikati ya nyusi za Josia kulikuwa na mikunjo miwili. Ilikuwa mikunjo ya Mzee Ildefons, ile inayojitokeza anapotazama mawingu na kahawa imeanikwa uwanjani. Na mdomo wa chini, unavyotangulia kidogo, ulikuwa wa Rutashobya, kaka yake Kokuberwa wa tumbo moja. Jana havikuwepo. Au vilikuwepo siku zote, na alikuwa hajaambiwa avitazame.

"Nani atatujua?" Josia aliuliza tena.

"Mimi," alisema Kokuberwa.

Lori la chama cha ushirika lilikuja limebeba magunia ya kahawa, likasimama. Josia akapanda nyuma, akageuka, akamnyooshea mkono. Utingo akagonga bodi.

"Dada, na wewe unapanda? Tunachelewa!"

Mkono ulikuwa palepale, karibu, ungeweza kuushika bila hata kujinyoosha.

"Nimetumwa kumsindikiza tu," alisema.

Lori likaondoka. Josia hakuurudisha mkono mara moja.

Nyumbani ngoma ilikuwa imeanza. Baba alimwona akiingia, akamsogezea nafasi kwenye mkeka wa wazee, kando yake kabisa, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Kaka yako amepata gari?"

"Amepata, tata."

"Vizuri. Huyu," baba aliwaambia watu, mkono begani kwake, "huyu ndiye aliyeturudishia watu wetu." Akakata kipande cha ini, ambacho katika nyumba ile siku zote kilikuwa cha wanaume, akampa.

Kokuberwa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama alivyofundishwa, akakitafuna mpaka kikaisha.