Viroba Vinne

"Vinne," alisema Garnet, akaachia cha mwisho kidondoke sakafuni. "Viwili vya dereva, viwili vya abiria. Nimevijaza kwa mikono yangu, mchanga wa mtoni, si huu wa dukani. Sasa gari lako limetimia, bwana."

Wendell Crouse hakufanya haraka kutoka chini ya gari. Alikuwa amelala chali juu ya kipande cha katoni, spana mkononi, akikaza nati aliyokwisha kuikaza asubuhi. Kutoka pale aliziona buti za Garnet, na kando yake viroba vya kijani vya mchanga vimelala kwa uzito wao, midomo imefungwa kwa kamba.

"Umezimia humo?"

"Nakusikia."

"Basi toka ushukuru. Kiuno kimenikatika."

Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Gereji yake ilikuwa zamani zizi la ng'ombe, nyuma ya nyumba, juu ya Mto LaHave. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza mabasi ya shule. Lakini majira mawili ya baridi sasa, kila Jumamosi na kila jioni, alikuwa humu na hii Iltis, kigari cha doria ambacho jeshi lilikiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Alikikuta panya wamezaa ndani ya kiti. Leo kilikuwa cheupe kama kilivyopaswa kuwa, na herufi nyeusi za Umoja wa Mataifa ubavuni.

Garnet Veinot ndiye aliyemsaidia kutafuta vifaa. Alikuwa mtunza stoo jeshini, na mpaka leo bolti isiyo ya mwaka wake ilimkosesha usingizi. Redio ilikuwa ya aina ile ile ya wakati wa Bosnia, na mkono wake wa kuzungumzia. Sepetu na shoka vilikuwa kwenye mikanda yao. Turubai lilitoka kwa mjane mmoja wa Truro, aliyekuwa akifunikia kuni.

"Tazama picha," Garnet alisema, akiielekeza kidole. Ilibandikwa ukutani juu ya meza ya kazi: kijana mrefu, Murray Zwicker, mwenzake Wendell jeshini, ameegemea Iltis kwenye theluji ya Bosnia, anacheka, na mlangoni nyuma yake viroba vinaonekana sakafuni. "Viwili na viwili. Picha haisemi uongo."

"Haisemi," Wendell alijibu.

Picha ilikuwa ya Novemba. Murray alikufa Desemba.

Garnet alipanga viwili upande wa dereva, akavipigapiga kama anayetandika kitanda. Alipoinua cha tatu Wendell akamshika mkono.

"Upande huo acha."

"Niache vipi?"

"Mama Verna ni mfupi. Hataweza kupanda."

"Wendell, ndugu yangu, umehangaika miezi minne kutafuta swichi moja ya taa ambayo hakuna mtu ataiona, halafu uache sakafu tupu? Hiyo ni jeep ya watalii!" Akamtazama, akaona uso, akakirudisha kiroba chini. "Haya. Gari ni lako. Ila kesho kwenye gwaride mtu akiuliza, mimi sikuwepo."

Akaondoka akipiga mluzi.

Kesho ilikuwa Siku ya Kumbukumbu ya askari waliokufa. Verna Zwicker, mama yake Murray, mwenye miaka themanini na minne, ndiye angeweka shada kwa niaba ya akina mama wote waliopoteza wana vitani. Alipoulizwa anahitaji nini, aliomba jambo moja tu: apelekwe mnarani akiwa kwenye kiti cha mwanawe. Mchana huu angekuja kujaribu kupanda. Na Wendell, ambaye aliapa angelitengeneza gari hili liwe kama lile la Murray lilivyokuwa, alijua kwamba lilivyokuwa ni kitu kimoja katika picha na kitu kingine katika siku yenyewe.

Kila Desemba, tangu ile iliyofuata kifo, Verna alimletea jozi ya soksi za sufu alizofuma mwenyewe, kama zile alizokuwa akimtumia Murray. Zilikuwa kwenye droo chumbani, jozi thelathini, zimekunjwa vile vile zilivyokuja. Hakuwahi kuvaa hata moja.

Binti yake Verna alimshusha mlangoni mwa gereji, akaenda dukani. Verna aliingia polepole na fimbo yake, ua jekundu la kitambaa, la kumbukumbu, kwenye koti, na mkate wa tangawizi uliofungwa kwa taulo.

"Bado wa moto," alisema. "Umekonda wewe. Gari limekula nyama zako."

"Karibu, Mama. Angalia waya hapo."

Alilizunguka gari lote bila kusema. Aligusa sepetu, akagusa dumu la mafuta. Mbele ya redio akasimama muda mrefu.

"Humu ndimo alimokuwa akisema?"

"Katika kama hii. Na alisema sana. Mara mbili sajenti alimwambia afunge mdomo, nchi nzima inamsikia."

Verna akacheka, akajipangusa pua. Wendell aliweka kigoda cha kukamulia, akamshika kiwiko, na mama yule akapanda hatua mbili, akakaa kiti cha kulia. Alishika ukingo wa dashibodi. Miguu yake, ndani ya viatu vyeusi vya kanisani, ilining'inia bila kufika chini.

"Alikuwa mrefu mwanangu," alisema. "Hapa alikuwa akiweka miguu wapi?"

Jibu lilikuwa pale pale sakafuni mwa gereji, vipande viwili, kilo kumi na nane kila kimoja. Angeweza kunyoosha kidole tu. Garnet angemuunga mkono, na picha ingemuunga mkono.

"Siku zote, juu ya viroba vya mchanga," alisema. "Vilikuwa vya kuzuia mabomu ya ardhini. Kazi ya kuvipanga ilikuwa ya dereva. Yangu. Siku ile ya mwisho aliweka juu ya kreti."

"Kreti gani?"

"Ya pombe, Mama. Pombe kali ya matunda ya plamu. Niliinunua kijijini kwa ajili ya Krismasi, na nyuma haikuingia, redio na madumu vilijaza. Barabara ilikuwa ile tuliyoipita salama jana yake. Nikatoa viroba vyake viwili, nikaviacha langoni mwa kambi."

"Na vyako?"

"Vyangu sikuvitoa."

Gogo lilipasuka ndani ya jiko la kuni pembeni, wote wawili wakashtuka.

"Yeye alisemaje?"

"Alicheka. Alisema afadhali, kreti ni fupi, leo magoti yake hayatamziba masikio."

Mdomo wa Verna ulitaka kucheka, ukashindwa. "Ndivyo angesema," alinong'ona.

"Bomu lilikuwa kwenye njia ya gurudumu la upande wake. Maafisa waliponiuliza hospitalini, nikasema viroba vyote vilikuwepo. Mchanga ulikuwa umetapakaa kila mahali. Ulikuwa wangu, lakini nani angehesabu mchanga?"

"Vingemwokoa?"

"Sijui, Mama. Mimi viliniokoa."

Verna alitazama mbele, kupitia kioo, kwenye ukuta ambako kulikuwa na feni kuukuu na kalenda ya mwaka uliopita. Alitazama kama mtu anayeona barabara.

"Soksi zangu ulipokea."

"Nilipokea."

"Mkate wangu ulikula. Miaka thelathini na moja, Wendell. Jikoni kwangu, kwenye kiti chake, na mimi nakuongezea chai."

"Ndiyo, Mama."

"Usiniite mama sasa hivi."

Wendell alisimama kando ya kigoda, mikono haijui pa kukaa. Alisubiri amwambie amshushe. Tayari alikuwa amesikia kichwani mlango wa gari la binti ukifungwa, na kesho kiti kitupu kikipita mbele ya mji mzima.

"Viko wapi?" Verna aliuliza.

"Nini?"

"Viroba vyake."

Akamwonyesha.

"Weka."

"Ma—" Akajizuia. "Miguu yako itabanwa."

"Weka, nimesema."

Alikibeba cha kwanza kifuani, akapiga magoti kwenye saruji, akakisukuma ndani taratibu asimguse. Cha pili akakilaza mshono ukiwa chini, kama walivyofundishwa jeshini, mdomo ukitazama ndani. Vikajaa pale chini kana kwamba chuma kilikuwa kikivingoja. Verna aliiacha miguu yake ikining'inia kitambo. Kisha kiatu kimoja kikashuka, kikagusa. Baadaye sana, cha pili.

Uzito ulipokaa, kamba ya Garnet ikalegea. Uzi mwembamba wa mchanga ukaanza kutiririka kutoka mdomo wa kiroba, ukilia polepole juu ya chuma kipya cheupe. Wendell akaweka kidole gumba pale unapotokea, akabana.

Nje gari la binti liliingia uani, likapiga honi mara moja. Verna hakugeuka. Wendell alibaki amepiga magoti, kidole kwenye mchanga, na hakuna aliyemwambia ainuke.