Kitufe cha Redio ya Ukweni

Redio ilirudi tena. Safari hii baba mkwe aliileta mwenyewe, kaikumbatia kama mgonjwa, akaitua juu ya meza ya fundi Bisibisi, kati ya pasi mbovu na feni isiyo na mapanga.

"Kitufe," alisema.

"Kile kile, baba?"

"Kile kile. Unabonyeza mpaka kidole kinakufa ganzi, redio kimya kama imenuna. Kwanza uliniambia vumbi. Halafu ukaniambia uzee. Mimi ni mzee kuliko hiyo redio, na nikiitwa naitika."

Bisibisi akaivuta redio karibu.

"Ikirudi tena, naipeleka kwa yule wa ng'ambo ya barabara."

Yule wa ng'ambo ya barabara alikuwa fundi pia, na ndiye aliyetangulia kumposa binti wa mzee huyu akakataliwa. Tangu hapo alikuwa akingoja Bisibisi ajikwae. Redio ya ukweni ikionekana mezani kwake, mtaa mzima ungejua kabla chai haijapoa.

Bisibisi akafungua mgongo wa redio. Swichi ya kubonyeza haina maajabu: ndani mna vibati viwili, ukibonyeza vinagusana, umeme unapita. Akaigusisha mita, akabonyeza. Mshale haukutikisika. Akaing'oa, akabandua kifuniko chake. Vibati vilikuwa na ukoko mweupe, kama kawaida. Akaunusa, ingawa hakuwa na haja. Sabuni. Hata harufu yake aliijua: ndiyo ya mashuka ambayo mkewe alikuja nayo kutoka kwao.

Mama mkwe alikuwa mtu wa usafi. Kila asubuhi, akishafuta meza, aliifuta redio kwa kitambaa cha maji ya sabuni, na kwenye vitufe alikikamua kidogo ili uchafu utoke. Bisibisi alikwisha kumwona kwa macho yake. Lakini nani atamwambia mama mkwe kwamba usafi wake ndio uharibifu? Basi akasingizia vumbi, akasingizia uzee. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Akasugua vibati kwa spiriti, akarudishia swichi, akabonyeza. Redio ikaanza kusoma matangazo ya vifo. Baba mkwe akanyoosha mikono kuichukua.

"Ngoja, baba. Leo naipeleka mwenyewe."

Walimkuta mama mkwe anafuta dirisha. Bisibisi akaamkia, akaiweka redio mahali pake, akasema kabla ujasiri haujamtoka:

"Mama, hii isiguswe na maji. Sabuni inaingia kwenye kitufe, inaganda. Ndiyo inayoiua."

Mama mkwe akakitazama kitambaa mkononi mwake.

"Yaani mimi ndiye ninayeiua."

"Ndiyo, mama."

"Na siku zote ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akamgeukia mumewe. "Na wewe?"

Baba mkwe akakohoa. "Mimi nilijua kabla yake. Unadhani kwa nini nilikuwa namrudishia? Nilikuwa nangoja fundi aseme."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Yeye ana kwake. Mimi nalala humu."

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja. "Wanaume wazima wawili, mnaogopa kitambaa."

Kisha akavuta kiti, akakifuta vizuri kwa kitambaa kile kile, pembe zote, akamwambia mkwewe akae.

Bisibisi akakaa. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Akashukuru.