Breki za Ajuza na Mguu wa Seremala

Gari la seremala lilikuwa pikapu kuukuu ambayo mtaa mzima uliiita Ajuza. Kwenda Ajuza alikwenda popote alipoelekezwa. Kusimama ndiko alikokuwa na maoni yake mwenyewe. Breki zake zilikuwa zile za ngoma alizozaliwa nazo, na ili zishike ilimpasa dereva akanyage mara tatu: ya kwanza ilikuwa salamu, ya pili ombi, na ya tatu ndiyo amri. Seremala alikuwa ameizoea ada hiyo kwa miaka ishirini na miwili, hata akawa anaanza kukanyaga mbele ya kibanda cha kinyozi ili apate kusimama mbele ya duka la mikate, chini kabisa ya mteremko.

Mkewe hakuizoea kamwe. Kila Alhamisi alikaa ubavuni mwa mumewe, amepakata trei za mayai ya kuku wake akimpelekea mwokaji, na kila walipoanza kuteremka, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu ya gari kana kwamba na upande ule kuna breki. Mkeka ulikuwa umetoboka hapo tundu la kutosha kikombe, bati likaonekana.

Ikafika Alhamisi moja ambayo Ajuza alisalimiwa, akaombwa, akaamriwa, na bado akaingiza pua yake katika magunia ya unga yaliyopangwa nje ya duka la mikate. Hakuna aliyeumia. Lakini bibi aliteremka na mtandio mweupe ambao asubuhi ulikuwa mweusi.

"Kuanzia leo mayai yangu yanakwenda kwa mkokoteni," alisema.

"Mama Watoto, tumegusa gunia tu."

"Toka kwa kinyozi mpaka hapa nimesoma dua tatu. Dua ni ya safari, Baba Watoto. Si badala ya breki."

Naye alikuwa mtu wa neno lake. Wiki sita mfululizo mwenye mkokoteni, bwana mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, alipita mbele ya karakana ya seremala na mayai yale yamefunikwa kitambaa, na kila mara alipunguza mwendo.

"Seremala, una mzigo? Nafasi ipo, usione haya."

Seremala aliuma misumari aliyoishika mdomoni. Kiti kile kitupu ubavuni mwake kilimkera kuliko jino bovu. Alimtaka mkewe arudi pale alipokaa miaka yote, na alijua kwamba maneno matupu hayangemrudisha. Akapiga moyo konde, akamwita fundi.

Fundi huyo aliitwa Kumi na Nne, kwa sababu spana ya namba hiyo haikutoka mfukoni mwake hata siku ya Ijumaa. Gereji yake ilikuwa chini ya mteremko, naye akaona ni salama zaidi gereji impandie Ajuza kuliko Ajuza kuiteremkia. Akaja uani kwa seremala na jeki, na sahani mbili za chuma alizozitoa katika gari kubwa zaidi la ukoo uleule, na kopo jeusi la duara ambalo mafundi huliita sevo.

"Ngoma za mbele zinatoka," alieleza. "Badala yake gurudumu litabanwa sahani yake pande mbili, kama wewe unavyobana ubao kwenye jiliwa. Na hili kopo linausaidia mguu. Hutatumia nguvu tena, mzee."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ikabaki kutoa upepo katika mabomba ya mafuta ya breki. Hapo hutakiwa watu wawili: mmoja akanyage pedeli na kuishikilia, mwingine alegeze nati kwenye gurudumu, upepo utoke, aikaze tena, ndipo mguu uachie. Fundi alilala chini, seremala akaketi kwenye usukani.

"Kanyaga, shikilia."

Seremala akakanyaga mara tatu. Kila alipoachia kabla ya nati kukazwa, upepo uliokwisha kutoka ulirudi ndani kwa furaha.

"Mzee, nimesema kanyaga. Sikusema twanga."

"Mguu umeshazoea."

"Basi nitafutie mguu mwingine."

Mguu mwingine ulikuwa hapohapo uani, ukiwatupia kuku pumba na kujitia hamnazo. Bibi aliitwa. Alifuta mikono, akaketi kwenye usukani, akapiga bismillahi, akakanyaga polepole kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Akashikilia. Akaambiwa aachie, akaachia. Magurudumu yote manne yalikwisha kabla ya adhuhuri.

"Huu ndio mguu," alisema fundi kutoka chini ya gari.

Seremala aliona wakati umewadia. "Sasa umeamini, Mama Watoto? Alhamisi tunakwenda pamoja?"

"Nimekaa katika gari lililosimama. Hilo hata kuku wangu wanaliweza." Akatafakari kidogo. "Nitakupa trei moja. Ikifika nzima, tutazungumza."

Alhamisi hiyo trei iliwekwa kwenye kiti, na bibi akafuata nyuma kwa miguu, mikono mgongoni kama msimamizi wa mtihani. Seremala aliteremka kwa adabu zote. Alipofika kwa kinyozi, mguu wake, bila kumwomba ruhusa, ukatoa salamu, na ukaitoa kwa nguvu zote za miaka ishirini na miwili. Ajuza akasimama kama aliyepigiliwa msumari. Trei haikusimama. Mayai thelathini yakakishika kioo cha mbele, yakaanza kuteremka yenyewe taratibu.

Kinyozi akatoka na wembe mkononi. "Karibu. Kichwa, au ndevu tu?"

Bibi alifika, akachungulia dirishani, akaendelea na safari yake.

Seremala alikwenda gereji amevimba. "Umeniwekea breki za kichaa."

Kumi na Nne alichukua ufunguo, akaupanda mlima na Ajuza, akateremka naye, akamsimamisha mlangoni kama mtu anayelaza mtoto mchanga. "Breki nimebadilisha, mzee. Mguu sina spea yake."

Wiki nzima seremala aliufundisha mguu. Alikanyaga vipande vya ubao chini ya meza ya kazi huku akipiga randa. Aliteremka na gari tupu asubuhi na alasiri. Kila alipofika kwa kinyozi, mguu ulisalimu, na kinyozi akawa anaitikia.

Alhamisi mkokoteni ulikuwa mlangoni mapema. Seremala alisimama kando ya gari, hana viatu, kichwa ameinamisha.

"Mpe mayai," alimwambia mkewe. "Mimi mguu umenishinda."

Bibi aliutazama ule mguu mtupu, akamtazama mwenye mkokoteni. "Nisubiri hapa," alimwambia huyo. "Nisiporudi, kuku ni wako." Kisha akafungua mlango wa gari, akaketi, akapakata trei zake nne.

"Macho yako yaweke njiani," alimwambia mumewe. "Masikio nipe mimi. Sikiliza mguu wangu. Usikanyage mpaka wangu ukanyage."

Wakaanza kuteremka. Miaka yote seremala alikuwa ameusikia mguu ule kama shutuma, akaufanyia uziwi. Leo aliutegea sikio. Kibanda cha kinyozi kikaja. Mguu wa bibi ulikuwa kimya, na wa seremala ukataka kusalimu, ukajizuia. Kinyozi, aliyekwisha kuinua mkono kuitikia, akabaki ameuinua. Wakampita mshona viatu. Ndipo kupitia tundu la mkeka akausikia wayo wa mkewe ukitua juu ya bati, polepole, ukashikilia. Naye akautua wake vivyo hivyo, mara moja.

Ajuza alisimama mlangoni pa duka la mikate. Mwokaji, aliyekuwa ameanza kuburura gunia ndani, akaliacha.

Bibi alifunua trei moja baada ya nyingine. "Alhamdulillahi," alisema, akaihesabu tena ile ya mwisho. "Wiki ijayo nunua mkeka mpya. Huu ni aibu."

"Sinunui," alijibu seremala. "Ukiliziba tundu hilo, mimi nitasikia nini?"